Laptopu inachemka na kukwama katikati ya baridi ya Uyole: naomba ushauri kabla sijatoa pesa

#1 Mleta mada, Uyole

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa kuwa mafundi wawili nimeshawapa maelezo mafupi na majibu yao yalikuwa mafupi vilevile.

Nina duka dogo la steshenari hapa Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu, ambako nachapa ripoti za wanafunzi, natoa nakala, na kuwasaidia watu kujaza maombi ya mtandaoni. Kazi yote hiyo naifanya kwa kompyuta mpakato moja niliyoinunua miaka mitatu iliyopita ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha sita, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya GB 500 ya aina ya zamani, na Windows 10.

Tatizo lilianza polepole mwezi wa tano. Asubuhi nikiiwasha, zaidi ya dakika tano hupita kabla sijaweza kufungua faili la kwanza. Ikishafunguka inafanya kazi kwa kujikongoja, na baada ya kama nusu saa feni inaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, upande wa kushoto wa kibodi unakuwa wa moto kiasi cha kutowekeka kidole, na kuanzia hapo hata kuandika kwenye Word kunakuwa mtihani, kwa sababu herufi zinatokea kwenye kioo wakati mimi nimeshamaliza sentensi. Jumatatu ilijizima mara mbili mbele ya mteja mmoja, ripoti yake ikiwa imefika ukurasa wa arobaini.

Fundi wa kwanza aliipapasa mgongoni, akatikisa kichwa, akasema ubao mkuu umekufa na niandae shilingi 180,000. Hakuifungua. Fundi wa pili alisema nipige Windows upya, basi. Kinachonichanganya ni kwamba tupo mwezi wa saba na mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili. Kompyuta inapataje joto namna hii katika baridi hii?

#2 Mchangiaji, Mbalizi

Pole sana mkuu. Umejijibu mwenyewe hapo mwishoni: kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba hakuna kompyuta inayoweza kuchemka kwa sababu za kawaida, kwa hiyo hao ni virusi. Piga Windows upya kama ulivyoshauriwa, kisha weka programu mbili za kuzuia virusi ili moja ikizidiwa nyingine isaidie.

#3 Mchangiaji, Kyela

Mkuu, tafuta ule ubao wenye feni wa kuwekea laptopu juu yake. Huku kwetu Kyela joto la ziwani halina mzaha hata usiku, na tangu niununue huo ubao sijasikia tena feni ikilalamika.

#4 Fundi, Iringa

Mkuu mleta mada, pole kwa usumbufu. Nimekuwa nikitengeneza kompyuta hapa Iringa kwa miaka kadhaa na nakuomba, kabla hujampa mtu hata shilingi moja, tuyatenganishe mashtaka yako mawili. Umesema kompyuta ni nzito, na umesema inachemka, na wachangiaji walionitangulia wameyachukua kuwa ugonjwa mmoja. Huenda ni mmoja kweli, kwa sababu prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ikishindwa kabisa huizima kompyuta. Lakini kompyuta inaweza pia kuwa nzito ikiwa imepoa kama maji ya mtungini, kwa sababu ya diski, au RAM, au programu inayofanya kazi kwa kujificha. Na wewe mwenyewe umetaja kwamba asubuhi, kabla haijapata joto lolote, tayari inachukua dakika tano kuwaka. Joto haliwezi kushtakiwa kwa kosa lililotendeka kabla halijafika.

Kwa hiyo tupime. Kesho asubuhi iwashe ikiwa imelala usiku kucha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager (programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inafanya nini) ifunguke, kisha nenda kwenye ukurasa wenye michoro ya utendaji na uandike kwenye karatasi kasi ya prosesa kwa GHz, asilimia ya RAM inayotumika, na asilimia ya shughuli za diski. Joto la prosesa hutaliona hapo. Pakua Core Temp au HWiNFO, zinapatikana bure. Fanya kazi zako kama kawaida kwa dakika 40, kisha andika tena namba zilezile. Angalia pia kama kuna programu inayokula prosesa wakati wewe hufanyi chochote. Wale wanaoweka programu zilizovunjwa kufuli hupewa mara nyingi na mgeni anayechimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wao, na baadhi ya wageni hao wana ujanja wa kutulia mara tu Task Manager inapofunguliwa, kwa hiyo sikiliza na feni: ikinyamaza ghafla kila ukiifungua Task Manager, una mgeni.

Ndugu wa Mbalizi, kwa heshima, programu mbili za kuzuia virusi hazisaidiani. Kila faili linalofunguliwa hukaguliwa mara mbili, na wakati mwingine zenyewe hushukiana. Ama kuhusu baridi, ni kweli hewa baridi humpa feni ahueni, lakini kuna upande wa pili ambao watu wa nyanda za juu tunausahau. Jiji la Mbeya lipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na hewa ya pwani. Feni inazunguka mizunguko ileile, inasukuma ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa pungufu ya kubeba joto. Kompyuta yenye feni safi haitajali, kwa kuwa watengenezaji wengi huruhusu matumizi hadi mita 3,000 hivi. Yenye feni iliyoziba nusu itaonja tofauti hiyo huku mapema kuliko ingekuwa Dar es Salaam kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Na ule ubao wenye feni wa ndugu yangu wa Kyela unafaa pale njia za hewa za kompyuta zilipo wazi. Zikiwa zimeziba ndani, ni kumpepea mtu aliyejifunika blanketi.

Swali la mwisho: dukani unaiweka juu ya nini?

#5 Mleta mada, Uyole

Nashukuru sana fundi. Namba ni hizi.

Saa 2:10 asubuhi, dakika mbili baada ya kuwaka: joto nyuzi 51, kasi inacheza kati ya 2.3 na 2.7 GHz, RAM asilimia 86, diski asilimia 100. Hiyo diski ilikaa kwenye 100 kwa dakika kumi na mbili nzima na mimi sijafungua kitu isipokuwa kivinjari. Saa 2:55: joto 98, kasi 0.9 GHz, RAM asilimia 88, diski inapanda na kushuka kati ya 30 na 60. Feni haikunyamaza nilipofungua Task Manager, kwa hiyo nadhani sina mgeni.

Kuhusu ninachowekea, nimesita kujibu. Meza yangu ni ya mbao isiyopigwa randa vizuri, kwa hiyo nimeitandikia kipande cha blanketi ili laptopu isichubuke. Na kwa sababu ya baridi, kuanzia mwezi wa sita huwa naweka jiko la mkaa chini ya meza, karibu na miguu. Duka limetazama barabara kuu, na malori ya kwenda Tunduma hayapumziki.

Halafu huyo mnayemwita mkuu ni mama wa watoto watatu, ila endeleeni tu, sijachukia.

#6 Fundi, Iringa

Mama, shikamoo, na samahani sana.

Vipimo vyako vimeeleza kila kitu, na una magonjwa mawili kama nilivyohofia. Asubuhi kompyuta ina nyuzi 51 tu na prosesa ina kasi yake kamili, lakini diski imejaa kazi hadi asilimia 100. Hapo uzito unatoka kwenye diski na RAM. RAM ya GB 4 kwa Windows 10 pamoja na kivinjari hujaa upesi, na ikijaa Windows huazima sehemu ya diski iitumie kama RAM, kazi ambayo diski ya sahani zinazozunguka huifanya kwa tabu mno, kwa kuwa kichwa chake cha kusomea kinapaswa kukimbia huku na huko kwa kila kipande cha data. Kufikia saa 2:55 hali imegeuka: diski imetulia kidogo, lakini prosesa imefika nyuzi 98 na kujishusha hadi 0.9 GHz. Huo sasa ndio uzito wa joto.

Blanketi ondoa leo. Laptopu nyingi hunyonya hewa kwa matundu ya tumboni, na blanketi huyaziba yote. Jiko nalo ondoa, kwanza kwa ajili yako mwenyewe, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu kila msimu wa baridi; pili kwa sababu majivu yake ni mepesi, hupaa, na feni huyavuta pamoja na vumbi la malori.

Kabla ya kufungua chochote, fanya jambo moja ambalo ningekukemea ungeliruka: nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje. Kisha weka programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Ikionyesha bluu, tuna muda. Ikionyesha njano, muda ni mchache. Nyekundu, usiizime mpaka umemaliza kunakili.

Baada ya hapo, kufungua. Tafuta mtu mwenye mkono mtulivu na bisibisi inayoingia sawasawa kwenye skrubu, kwa sababu bisibisi iliyolegea hula vichwa vya skrubu na hapo ndipo kazi ya nusu saa inapogeuka kuwa ya siku nzima. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, toa skrubu za mgongoni na uzipange kwenye karatasi kwa mchoro uleule zilivyokuwa, kwa kuwa hazilingani urefu, na skrubu ndefu kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kuuchimba ubao. Kitu cha kwanza baada ya kutoa mfuniko ni kuchomoa waya wa betri. Usiguse kingine kabla ya huo.

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo mafundi wengi wa haraka hukosea. Wao huchukua bloa, hupuliza kwenye tundu la pembeni, vumbi kidogo linaruka, mteja anafurahi. Vumbi linalochemsha kompyuta halikai pale panapoonekana. Hewa inayotoka kwenye feni hupita katikati ya mapezi membamba ya shaba au alumini yaliyounganishwa na bomba linalotoka kwenye prosesa, na vumbi hunasa upande wa ndani wa mapezi hayo, kati yake na feni, likajisuka kama kipande cha zulia. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha zulia kwenye feni. Ukipuliza kutoka ndani unalikandamiza zaidi. Lazima feni itolewe, zulia litolewe kwa mkono au kwa koleo ndogo, kisha mapezi yasafishwe kwa brashi laini. Ukitumia bloa, zuia panga za feni kwa kidole zisizunguke, kwa sababu upepo huo huzikimbiza kuliko zilivyoundwa na kuharibu bearingi.

Kwa umri wa kompyuta hiyo, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bamba la shaba bila shaka imekauka. Legeza skrubu za bamba kwa kufuata namba zilizoandikwa pembeni yake, futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje moja ya mchele, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, si moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine. Nimeshaletewa kompyuta iliyopakwa dawa ya meno badala ya pesti. Ilipoa kwa siku mbili tatu, kisha dawa ikakauka na kuwa chaki.

#7 Mleta mada, Uyole

Marahaba mwanangu. Blanketi limerudi kitandani, jiko limerudi jikoni.

Nimemwita kijana wa dada yangu anayesoma chuo hapa mjini, tukaifungua jana jioni baada ya kufunga duka. Naanza na diski: CrystalDiskInfo ilionyesha njano. Kuna mstari wa sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na mwingine wa sekta zinazosubiri kukaguliwa, na yote miwili haikuwa sifuri. Nilinakili kila kitu mpaka saa nne usiku, na mafaili mawili ya mwaka juzi yaligoma kabisa kunakilika.

Kuhusu feni, niliposoma ulivyoandika zulia nilidhani ni namna ya kusema. Kijana alipoitoa ile feni tulikuta kitu cha kijivu, kinene kama kitambaa cha sweta, kimetanda mapezi yote isipokuwa sehemu ndogo ya kona, na ukikiminya kinatoa vumbi jekundu la barabara na unga mweupe wa majivu. Pesti ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa Usangu wakati wa kiangazi. Tumefanya kama ulivyoelekeza, na pesti tulipata Mwanjelwa.

Vipimo vya leo, baada ya dakika 40 za kazi ileile: joto 71, kasi 2.6 GHz. Feni naisikia nikisogeza sikio tu. Lakini kuwaka bado ni dakika tano.

#8 Mchangiaji, Makete

Mama hongera. Naomba kuchomekea swali linalofanana. Huku Makete asubuhi kunakuwa na umande wa kuganda, na mimi huibeba laptopu kwenye bodaboda kwa saa nzima kabla ya kufika kazini, ambako kuna chumba chenye moto. Nikiiwasha mara moja, mara mbili sasa kipanya chake cha kugusa kimechachawa na kioo kikaweka ukungu kwa ndani. Je, nayo ni shida ya feni?

#9 Fundi, Iringa

Hapana ndugu yangu, hiyo ni kinyume chake. Kompyuta yako inaingia ndani ikiwa baridi sana, hewa ya chumba chenye moto ina mvuke, na mvuke huo unageuka matone juu ya vyuma vya baridi kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone na umeme ni maadui. Iache kwenye begi, tena begi likiwa limefungwa, kwa nusu saa au zaidi mpaka ipate joto la chumba, ndipo uitoe na kuiwasha. Ukiweza, izime kabisa kabla ya safari badala ya kuilaza tu, kwa sababu iliyolala inaweza kuamka yenyewe ndani ya begi na kuchemka humo. Hapo utakuwa umeipitisha kwenye moto na barafu kwa asubuhi moja.

Mama wa Uyole, diski ya njano haitibiki, inabadilishwa. Chukua SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, yenye kiunganishi cha SATA na ukubwa wa inchi 2.5, inaingia palepale ilipokuwa diski ya zamani. Diski za sahani husoma kama MB 100 kwa sekunde zikiwa na siku nzuri, SSD ya SATA hufika kama 500, lakini namba hizo hazisemi nusu ya raha yake, kwa sababu faida kubwa ni kwamba haina kichwa cha kukimbizwa huku na huko. Usihamishe Windows ya zamani kama ilivyo kutoka kwenye diski mbovu, utahama na madonda yake. Weka Windows mpya kwenye SSD kisha rudisha mafaili yako. Kwa hiyo ndugu wa Mbalizi hatimaye amepata alichokitaka.

Ongeza pia RAM ifike GB 8. Kabla ya kununua, toa uliyonayo usome maandishi yake, kwa sababu kizazi cha sita kinaweza kuwa kimejengwa kwa DDR4 au kwa DDR3L kutegemea ubao, na hizo mbili haziingiliani hata kwa umbo.

#10 Mchangiaji, Mbalizi

Nimekubali yaishe, fundi. Ila kama anaweka Windows mpya, kwa nini asiweke 11 moja kwa moja? Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

#11 Fundi, Iringa

Swali zuri. Kwa upande wa Intel, orodha rasmi ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11 inaanza, kwa kiasi kikubwa, kizazi cha nane, na kompyuta ya mama ni ya sita. Kuna njia za kuilazimisha, nami nimeshazitumia kwenye kompyuta zangu, lakini siwezi kuishauri kwa kompyuta inayolisha familia, kwa sababu sasisho moja linaweza kugoma siku ya wateja wengi. Njia salama zaidi kwake ni kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa muda uliobaki, huku akijaribu taratibu Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kwenye diski ya ziada aone kama kazi zake zinafanyika humo.

#12 Mleta mada, Uyole

Nimerudi na habari njema na habari mbaya, na mbaya ndiyo imenileta.

Njema: SSD ya GB 240 na RAM ya GB 8 zimeingia Ijumaa. Kompyuta inawaka kwa sekunde kumi na nane. Kijana alihesabu mara tatu kwa simu kwa kuwa sikumwamini.

Mbaya: kuanzia Jumamosi mchana imekuwa nzito tena, na safari hii ni mbaya kuliko mwanzo. Nimepima kama ulivyonifundisha. Joto nyuzi 41. RAM asilimia 45. Diski asilimia 2. Kasi ya prosesa imeganda kwenye 0.8 GHz, haipandi wala haishuki hata nikifungua madirisha kumi. Imepoa na bado inakwama! Je, tumeharibu kitu tulipokuwa tunaweka pesti?

#13 Fundi, Iringa

Mama, umepima vizuri kiasi kwamba jibu ni fupi. Kitu gani kilibadilika Jumamosi mchana? Si lazima kiwe ndani ya kompyuta. Nina swali jingine la kukusaidia kukumbuka: ukichomoa chaja ukatumia betri tu, kasi inasomeka ngapi?

#14 Mleta mada, Uyole

Nimechomoa chaja, na kabla sijatoa mkono imeruka hadi 2.7. Nikichomeka, 0.8. Nimerudia mara nne kama mtoto anayechezea swichi ya taa.

Ni kweli, Jumamosi panya alitafuna waya wa chaja yangu, nikamtuma kijana akanunua nyingine sokoni. Tundu lilikubali na betri inajaa, kwa hiyo sikuwaza. Nimesoma lebo zote mbili sasa hivi: ya zamani imeandikwa volti 19.5 na ampea 3.33, mpya volti 19.5 na ampea 2.31.

#15 Fundi, Iringa

Zidisha, mama. Ya zamani ni wati 65, mpya ni wati 45. Na hiyo bado ni ikiwa lebo inasema kweli. Baadhi ya kompyuta huwa na pini nyembamba katikati ya tundu la chaja ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Kompyuta ikikuta chaja ndogo kuliko inavyotaka, au chaja isiyojitambulisha, inaamua kujibana kwa kasi ya chini kabisa isije ikaizidia chaja nguvu. Haikuambii kwa kelele, au inakuambia kwa ujumbe mdogo wakati wa kuwaka ambao wengi huupita kwa kubonyeza kitufe chochote. Kompyuta za namna hii nimeletewa nyingi zikiwa zimeshabadilishwa diski, RAM, na wakati mwingine hata ubao.

Rudisha hiyo, tafuta ya wati 65 yenye volti zilezile 19.5. Nenda na kompyuta yenyewe, ichomekee palepale dukani, fungua Task Manager mbele ya muuzaji usome kasi kabla hujatoa pesa. Ampea zikizidi si tatizo, kompyuta huchukua inazohitaji. Volti zikitofautiana ndilo tatizo.

#16 Mchangiaji, Kyela

Nimelazimika kusoma lebo ya chaja yangu usiku huu. Ni wati 45 na kompyuta inataka 65. Miezi minane nimekuwa nikilaumu joto la ziwani.

#17 Mleta mada, Uyole

Mrejesho. Muuzaji alikubali kubadilisha baada ya mimi kumwonyesha ile 0.8 kwa macho yake. Ya tatu tuliyoijaribu ndiyo iliyosoma 2.6 ikiwa imechomekwa. Leo nimefanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, joto halijavuka 73, na ile ripoti ya kurasa arobaini imefika sabini na tisa na kuchapwa.

Limebaki jambo moja dogo, fundi. Kwenye ile karatasi yetu ya skrubu imebaki skrubu moja. Ni fupi kuliko zote, nyeusi, kichwa kipana. Mfuniko umefungwa wote na hakuna tundu lililo wazi.

#18 Fundi, Iringa

Hiyo si ya mfuniko, mama. Fupi na yenye kichwa kipana mara nyingi ni ya kibao kinachoishikilia diski. Ina maana SSD yako imeshikiliwa upande mmoja, na siku ukiibeba kwenye daladala ya kwenda mjini itacheza mpaka iachane na soketi yake. Fungua tena, na uanze na waya wa betri.

#19 Mleta mada, Uyole

Ilikuwa hapo hapo. Kijana anasema aliiona, akadhani ni ya ziada.